“Hifadhi Mahali Pakavu na Penye Ubaridi”: Tuikosoe Sentensi Moja ya Kwenye Lebo

Leo hatukosoi kitabu wala makala ya jarida. Tunakosoa sentensi moja. Unaijua hata kama hujawahi kuisoma kwa makini. Imeshonwa ndani ya hema, imechapishwa kwenye karatasi inayokuja na viatu vya mlimani, na inarudiwa na karibu kila video ya mtu anayetuonyesha stoo yake ya vifaa vya kambi: hifadhi mahali pakavu, penye ubaridi, pasipofikiwa na jua.

Maneno machache, yana sura ya busara, na hakuna wa kuyapinga. Ila ukiyapima kwa kemia na fizikia ya sekondari, utagundua kwamba kwa mtu anayekaa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, maneno mawili kati ya hayo yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Ukitii moja, umeshaasi jingine. Na anayelipia ugomvi huo si aliyeandika lebo. Ni mtu aliyevaa kiatu kile saa sita usiku, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, anaanza kupanda kuelekea kilele cha Kilimanjaro kwenye baridi ya kugandisha maji chupani, na soli inaachia.

Kwa hiyo hili si suala la stoo kupendeza. Twende taratibu.

Kwanza, tuipe lebo haki yake

Lebo haiongopi kuhusu adui. Viatu vingi vya mlimani vina soli ya kati, ile sehemu laini iliyo kati ya mguu wako na mpira unaokanyaga chini. Mara nyingi hutengenezwa kwa poliyurethani. Poliyurethani hiyohiyo hupakwa upande wa ndani wa mahema mengi ili mvua isipenye. Ni kitu kizuri: chepesi, kinanesa, kinazuia maji. Lakini aina yake inayojengwa kwa poliesta ina udhaifu mmoja. Viungo vya esta vilivyoshikilia mnyororo wa molekuli hukatwa na maji. Kitendo hiki kinaitwa haidrolisisi, na maana yake ndiyo hiyo hiyo: kuvunjwa na maji.

Hapo kuna jambo ambalo lebo haikuambii. Kiungo cha esta kikikatwa, kinabaki na kipande chenye tindikali. Tindikali ni kichocheo cha haidrolisisi. Yaani kila kiungo kinachovunjika kinawarahisishia wengine kuvunjika. Ndiyo maana buti linaweza kukaa kabatini miaka kadhaa likionekana zima kabisa, halafu ndani ya safari moja soli inamegeka kama mandazi ya juzi. Halikuharibika siku hiyo. Lilikuwa linaharibika muda wote, kimyakimya, na mwendo ukiongezeka.

Hema nalo linaonyesha dalili zake: ndani kunakuwa na unatounato, harufu kali kama ya matapishi, kisha utando unaanza kubanduka vipandevipande. Watu wengi husema “hema limechacha” na kulifua kwa sabuni zaidi. Sabuni haiwezi kurudisha mnyororo uliokatika.

Na jua? Hapo lebo iko sahihi bila nyongeza. Mionzi ya urujuanimno hukata nailoni na poliesta, na sisi tunaoishi karibu na Ikweta tunaipata kwa wingi mwaka mzima. Kuanika hema kivulini penye upepo ni sawa. Kuliacha juani wiki nzima “likauke vizuri” ni kulizeesha.

Maneno mawili yanayopigana

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. “Pakavu” na “penye ubaridi”.

Kinachoingia ndani ya plastiki au uzi wa kitambaa hufuata zaidi unyevu linganishi, yaani asilimia ya mvuke uliopo hewani ukilinganisha na mvuke wa juu kabisa unaoweza kuwepo kwenye joto lile. Chukua siku ya kawaida ya masika pale Dar: nyuzi joto 30, unyevu asilimia 75. Mita moja ya ujazo ya hewa hiyo ina karibu gramu 23 za mvuke wa maji. Ukomo wake kwenye nyuzi 30 ni kama gramu 30, ndiyo maana tunasema 75.

Sasa wewe, mtii wa lebo, unatafuta mahali penye ubaridi. Utapapata wapi? Chini. Uvunguni, juu ya sakafu ya saruji. Au nyuma ya kabati, kwenye ukuta usiopigwa na jua. Tuseme kona hiyo ina nyuzi 25. Mvuke ni uleule, gramu 23, kwa sababu hewa ya nyumba nzima ni moja. Lakini ukomo wa nyuzi 25 ni gramu 23 tu. Umepiga hesabu? Unyevu linganishi wa kona yako baridi umefika karibu asilimia 100. Umetafuta ubaridi, umepata umande. Kuvu wengi wa nyumbani huanza kustawi unyevu unapopita asilimia 70 hadi 80, kwa hiyo kona hiyo ni shamba lao. Ile koga nyeupe kwenye ngozi ya kiatu kilichokaa uvunguni haikuletwa na uchafu wako. Ni jibu sahihi la swali la fizikia.

Basi tukimbilie upande wa pili: juu, chini ya mabati, ambako mchana ni moto. Tuseme nyuzi 40. Mvuke uleule gramu 23, ukomo sasa ni gramu 51. Unyevu linganishi unashuka hadi asilimia 45. Pakavu kabisa! Lakini joto lina deni lake. Svante Arrhenius alionyesha mwaka 1889 jinsi kasi ya mmenyuko wa kemikali inavyopanda kadiri joto linavyopanda, na kanuni ya haraka wanayotumia wanakemia ni kwamba nyuzi 10 za ziada huongeza kasi kama mara mbili. Kwa hiyo chini ya mabati umepunguza maji hadi kama asilimia 60 ya yale ya chini, lakini umeongeza kasi maradufu. Zidisha: 0.6 mara 2 ni 1.2. Umerudi palepale, na pengine vibaya kidogo. Gundi za viatu nazo hazipendi joto hilo.

Unaona tatizo? Kwenye nyumba ya Ulaya ya kaskazini au Kanada yenye chumba cha chini ya ardhi na mashine ya kupasha joto, kupata nyuzi 20 na unyevu asilimia 50 si kazi ngumu. Pakavu na penye ubaridi ni mahali pamoja. Kwetu pwani ni pande mbili za nyumba, kila upande na hasara yake. Linganisha nyumba hizo mbili kwa hesabu hiyohiyo ya haraka: kutoka nyuzi 20 hadi 30, kasi mara mbili, kutoka unyevu 50 hadi 75, maji mara moja na nusu. Jumla, kama mara tatu. Haya ni makadirio, si kipimo cha maabara, lakini yanakupa picha: soli ambayo kule ingedumu miaka 9, hapa ingeomba ruhusa ya kustaafu baada ya 3.

Usinielewe vibaya: si Afrika Mashariki yote. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, lebo inafanya kazi vizuri tu miezi mingi. Iringa na Mbeya pia. Lawama yangu si kwamba sentensi ni ya uongo. Ni kwamba inatoa amri inayotegemea hali ya hewa bila kutaja hali ya hewa. Ingesema “unyevu usizidi asilimia 60, joto lisizidi nyuzi 25”, mtu wa Mombasa angejua papo hapo kwamba nyumba yake haikidhi na kwamba anahitaji mpango mwingine. Namba zingemwamsha. Vivumishi vimemlaza.

Ukuta wa ndoano na usafi unaodanganya

Halafu kuna wale wanaoifasiri lebo kwa picha. Unazijua: ukuta mzima wa mbao zenye matundu, ndoano zimepangwa, kamba zimekunjwa kama nywele za bi harusi, mitungi midogo ya gesi imejipanga kama askari, kila kitu kinaonekana. Maboksi yana majina: “Mlima”, “Bahari”, “Kambi”.

Kuna jema hapo, tena kubwa: hewa inapita, na unaona kila ulichonacho. Kitu kinachoonekana hukaguliwa. Kinachofichwa uvunguni hugunduliwa siku ya safari.

Kosa lake ni msingi wa kupanga. Wanapanga kwa shughuli: vya mlima pamoja, vya kambi pamoja. Lakini vifaa haviharibiki kwa shughuli. Vinaharibika kwa kemia. Ukiweka pamoja “vifaa vyote vya mlima”, umeweka kamba ya nailoni, betri na gesi kwenye rafu moja kwa sababu tu vinasafiri pamoja. Ni sawa na kupanga duka la dawa kwa rangi za vidonge.

Boksi lenye kipakiti kimoja

Ushauri wa tatu unaotembea sana: nunua boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, tupia kile kipakiti cha silika kilichokuja na viatu, funga, lala usingizi. Hebu tukipime.

Boksi la lita 60 likifungwa kwenye hewa yetu ya masika lina takriban gramu 1.4 za mvuke. Ni chini ya theluthi ya kijiko cha chai. Si kitu. Ila ndani umeweka hema. Nailoni yenyewe hunywa maji kutoka hewani. Kwenye unyevu wa asilimia 65 hivi hubeba kama asilimia 4 ya uzito wake. Kilo 2 za kitambaa cha nailoni, ambazo ukizigusa utaapa ni kavu, zina karibu gramu 80 za maji. Zaidi ya mara hamsini ya yaliyomo kwenye hewa ya boksi.

Na kipakiti? Silika hunyonya takriban robo ya uzito wake, pengine zaidi kidogo. Kipakiti cha gramu 5 kinamaliza kazi kwa gramu moja na kitu. Hakimalizi hata hewa, achilia mbali hema. Ni kumpa tembo kikombe cha uji.

Kwa hiyo boksi si baya. Boksi hufunga ulichokiweka. Ukifunga ukavu, linatunza ukavu. Ukifunga unyevu, umeufungia unyevu na kiatu chumba kimoja na kuwapa ufunguo. Yanayofuata ndiyo ya muhimu:

Funga boksi saa nane au tisa mchana wa siku ya jua, si asubuhi wala usiku. Hewa ya Dar alfajiri inaweza kupita asilimia 90, wakati mchana inashuka sana. Bila kununua chochote, kwa kuchagua saa tu, umepunguza maji ndani ya kitambaa.

Tumia silika ya kutosha: gramu 200 au zaidi kwa boksi kama hilo. Ikijaa, hukaushwa kwa kupashwa moto taratibu kwenye joto la nyuzi 120 hivi, kisha hurudi kazini. Zile punje za buluu zina chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu. Usizikaange kwenye sufuria ya mboga. Tafuta nyeupe au za rangi ya chungwa, na uzitengee chombo chake.

Soma kitambaa kabla ya kununua. Poliesta hunywa chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito wake, nailoni mara kumi ya hapo. Na utando wa silikoni hauvunjwi na maji kirahisi kama poliyurethani. Hema la poliesta lenye silikoni linastahimili pwani yetu vizuri zaidi, hata kama muuzaji hakulisifia hivyo.

Neno moja kuhusu nafthalini, maana najua iko kabatini kwako. Nafthalini hufukuza nondo wanaokula sufu na manyoya. Haipunguzi unyevu hata chembe, na nondo hawana shida na poliesta yako. Zaidi ya hapo, mvuke wake ni hatari kwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng’enya cha G6PD, kwani huweza kupasua chembe nyekundu za damu yake. Upungufu huo si nadra kwenye maeneo yenye historia ndefu ya malaria, yaani kwetu. Kutunza slipingi begi kwa gharama hiyo ni biashara ya hasara.

Panga kwa adui, si kwa shughuli

Basi mbadala ni upi? Napendekeza uviulize vifaa vyako swali moja: nini kinakuua? Kisha upange kwa majibu.

*Wanaouawa na maji:* viatu na mahema. Hawa wapewe boksi kavu lenye silika, juu ya rafu ya usawa wa kifua, ukuta wa ndani. Si sakafuni, si darini. Kwenye nyumba ya pwani, kimo cha kifua ndiyo suluhu kati ya “pakavu” na “penye ubaridi”.

*Wanaouawa na kubanwa:* mabegi ya kulalia na majaketi ya manyoya. Kinachokupasha joto si manyoya wala nyuzi. Ni hewa iliyonaswa katikati yake. Ukiliacha slipingi begi miezi sita ndani ya kile kifuko chake kidogo cha safari, nyuzi zinazoea kulala, na hewa haina pa kukaa. Litundike, au liweke ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa. Kifuko kidogo ni cha safari tu.

*Wanaouawa na tindikali:* kamba na hanesi za kupandia miamba. Hapa naomba uache kila kitu usome. Nyumba zetu nyingi zina betri ya sola au ya gari, ile ya maji. Tindikali ya salfuriki, hata mvuke au tone lake, hukata nailoni, na kamba iliyoguswa inaweza kuonekana nzima kabisa kwa macho. Haibadiliki rangi ikakuonya. Inakatika tu siku ukiining’inia, iwe Hell’s Gate au kwingineko. Kamba na maji ya betri visilale chumba kimoja. Ukishuku kwamba vimekutana, kamba hiyo ifungie mizigo, usiifungie uhai.

*Wanaoogopwa na wenzao:* mitungi ya gesi na betri. Mitungi midogo ya kambi huandikwa isipite nyuzi 50, na gari lililofungwa juani linafika hapo bila jasho. Gesi yake ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama sakafuni, kwa hiyo si chumbani, si karibu na jiko. Betri za lithiamu zikae zikiwa na chaji nusu hivi. Zile za kawaida zitolewe kwenye tochi ya kichwani kabla hazijavuja alkali na kula vyuma vyake.

Jambo ambalo lebo haiwezi kulijua: umri

Kuna kasoro ya mwisho, na kwetu ndiyo inayouma zaidi. Lebo inamwongelesha mtu aliyenunua kiatu kipya. Viatu vingi vya mlimani vinavyopanda Kilimanjaro miguuni mwa wapagazi vimepitia soko la mitumba: Memorial pale Moshi, Karume, Gikomba. Buti kutoka Ulaya lenye soli isiyochakaa linaonekana dili. Lakini haidrolisisi haihesabu kilomita, inahesabu miaka, na saa yake ilianza kiwandani. Soli isiyochakaa inaweza kumaanisha kwamba kiatu kilikaa tu kabatini miaka kumi, halafu kikasafiri baharini ndani ya kontena lenye joto.

Kwa hiyo usikague mkanyago peke yake. Binya soli ya kati kwa kidole gumba. Kunja kiatu mara kadhaa kwa nguvu. Ukiona nyufa nyembamba, unga, unatounato, au sehemu iliyobonyea isirudi, kiache hapo hapo hata kama bei ni ya kutupa. Ukishakinunua, andika mwaka ndani ya ulimi wa kiatu kwa kalamu ya wino mzito. Na kabla ya safari, kivae wiki mbili mtaani. Soli ikiamua kuachia, iachie ukiwa unakwenda dukani kununua sukari.

Hukumu

Sentensi ya lebo ni kweli isiyo na anwani. Imeandikwa na mtu ambaye kwake ukavu na ubaridi vinakaa nyumba moja, ikasafirishwa duniani bila kutafsiriwa kwa hali ya hewa. Hatuhitaji kuitupa. Tunahitaji kuiandika upya, hivi: *kausha kivulini, funga mchana wa jua, weka silika ya kutosha, inua usawa wa kifua, tenga na maji ya betri, andika mwaka.*

Kipima unyevu kidogo cha mezani si ghali. Kiweke siku moja uvunguni, siku ya pili rafuni, siku ya tatu chini ya mabati, usome namba alfajiri na saa nane mchana. Baada ya hapo hutahitaji lebo wala makala hii kukuambia wapi pa kuweka viatu vyako.